Rubani wa leseni ya binafsi ataka kumrusha binti yangu, tuchangie mafuta. Nimruhusu?

MamaNasra_Kisauni

Assalaam aleikum jamani. Nina swali, na naomba mnijibu kama mnavyomjibu dada yenu wa tumbo moja. Mizaha wekeni kando kidogo.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na wimbo wake ni mmoja tu: urubani. Juzi kwenye arusi Nyali, mpwa wa wifi yangu akatujulisha kwa kijana mmoja rubani. Kijana ana adabu, Kiswahili chake safi, alimwamkia kila mtu mzima mle ndani. Akamwonyesha Nasra video kwenye simu, bahari ya Diani kutoka juu, mpaka mwanangu akasahau pilau yake.

Sasa ana grupu la WhatsApp. Kila Jumamosi huchukua watu watatu kwa Cessna 172, kindege cha viti vinne, kutoka kiwanja cha Ukunda, awazungushe Chale, Gazi, mpaka Wasini, kisha warudi. Kama dakika arubaini hivi. Kila mmoja atuma shilingi 8,500 kwa M-Pesa, anaita "mchango wa mafuta". Nilipomuuliza leseni akasema anayo, ya binafsi, na kwamba hiyo yatosha kwa kuwa yeye hafanyi biashara.

Babake Nasra yuko njiani Malaba na trela, aniambia niamue mwenyewe. Mie sijui ndege, najua mahamri na mbaazi. Nimwachie aende?

Chande_Likoni

Mama Nasra, mie hata feri nikipanda nasoma dua mpaka ng'ambo. Ndege ya watu wanne siwezi kukushauri. Lakini kama kuna nafasi ya mama mkwe wangu niambie, nitalipa mara mbili.

RubaniChipukizi

Mama, shikamoo. Mimi nina hiyo hiyo leseni ya binafsi, nilisomea uwanja wa Wilson, Nairobi. Naomba nimtetee kidogo mwenzangu kabla watu hawajamfanya mhalifu.

Leseni ya binafsi si ya kuokota. Unasoma hali ya hewa, sheria za anga, mitambo, unapimwa na daktari, unaruka na mwalimu, kisha peke yako, halafu mkaguzi anakaa kando yako. Kumbeba mtu si kosa, ndiyo maana ndege ina viti vinne. Shida yetu ni saa za kuruka. Ukimaliza ya binafsi una saa arubaini, hamsini. Ili uajiriwe unahitaji leseni ya biashara, na hiyo inataka saa nyingi zaidi. Saa moja ya Cessna inameza makumi ya maelfu ya shilingi. Kuna wazazi wameuza shamba. Sasa kijana akiruka peke yake viti vitatu viko tupu na pesa zinaungua, na pembeni kuna watu wanaotamani kuona bahari kutoka juu. Kuchangiana kuna ubaya gani? Muulize tu maswali ya usalama, akikujibu vizuri mwache mtoto afurahi.

FundiNdege_PortReitz

Mama Nasra, salaam. Mie ni fundi wa ndege, nimestaafu, lakini shati la kazini bado lanuka petroli hata likifuliwa. Injini za 172 nimezifungua na kuzifunga sana maishani. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Kwanza sheria, niimalize upesi. Kenya ni mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na leseni zetu zafuata viwango vya mkataba wa Chicago wa 1944. Mwenye leseni ya binafsi aruhusiwa kurusha ndege na kupakia watu, ila asilipwe, na safari isiwe ya mapato. Akitaka kulipwa apande mpaka leseni ya biashara: kiwango cha kimataifa ni saa 200, au 150 kwa aliyesomea chuo kilichoidhinishwa, na cheti cha daktari cha daraja la kwanza badala ya la pili. Na akishaipata, bado hawezi kusimama Ukunda na kuita abiria. Yule anayeuza safari lazima awe na leseni ya huduma za anga na cheti cha uendeshaji kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Leseni ya rubani na vibali vya kuuza safari ni vitu tofauti, watu huvichanganya.

Sasa tuje kwenye huo mchango. Watu watatu kwa 8,500 ni 25,500. Injini ya 172 yanywa kama lita 35 kwa saa. Dakika arubaini, pamoja na kutembea chini na kupasha injini moto, weka lita 30 kwa ukarimu. Hata ukiipiga lita moja shilingi mia tatu, hiyo ni 9,000. Zilizobaki za nini? Zaweza kuwa za kukodi ndege, sikatai, kukodi ni ghali kuliko mafuta. Basi asiite mafuta. Na muulize jambo moja tu: yeye mwenyewe atoa ngapi? Marekani, ambako rubani wa binafsi aruhusiwa kugawana gharama na abiria wake, sharti ni kwamba asitoe chini ya fungu lake sawa. Mko wanne, robo ni yake. Akitoa sufuri, hiyo si kuchangiana, ni nauli.

Mwanangu RubaniChipukizi auliza kuna ubaya gani. Swali zuri, na wengi wadhani sheria imewekwa kulinda makampuni yasinyang'anywe wateja. Mie naiona hivi. Nikipanda na rafiki yangu, namjua. Najua jana alilala saa ngapi. Najua akikosolewa husikiliza au hununa. Najua ndege yake ilikaa miezi bila kuguswa kwa sababu nilipita ikiwa na kiota cha ndege kwenye matundu ya kupoza injini. Nikimwona macho mekundu namwambia leo hapana, twende tukale viazi karai. Nasra ataona nini? Shati jeupe, miwani, na mistari minne begani. Mistari yauzwa dukani, mama.

Mgeni hana kipimo. Hajui aangalie wapi, na akitazama hajui alichokiona. Ndipo sheria ikataka, kabla hujachukua pesa ya mtu asiyekujua, awepo mwingine aliyekukagua kwa niaba yake: ndege yako, daktari wako, saa zako, mapumziko yako. Hicho ndicho anachokinunua anayepanda ndege ya kampuni, ingawa kwenye tiketi hakikuandikwa.

Si kwamba napinga mtu kumrusha mgeni. Chama cha EAA cha Marekani, cha wapenzi wa kurusha ndege, kina mpango waitwa Young Eagles, ulianza 1992, marubani wa binafsi wawarusha watoto wa miaka 8 hadi 17 bure kabisa. Wamepita milioni mbili. Watoto wasiowajua, mama! Lakini chama kipo katikati, rubani achunguzwa kabla ya kukaribia mtoto wa mtu, na mzazi atia sahihi. Hakuna anayetafuta 8,500 kwa hivyo hakuna anayejilazimisha kupaa wakati wingu limekaa vibaya. Hapo ndipo pesa inapouma: ikishatumwa M-Pesa, kijana aona haya kusema leo turudi nyumbani.

Na mfano upo. Januari 2019, Emiliano Sala, mchezaji wa soka kutoka Argentina, alikuwa ametoka kusajiliwa na Cardiff City. Akapakiwa Nantes, Ufaransa, kwenye Piper Malibu ya injini moja, usiku, kuvuka bahari. Rubani, David Ibbotson, alikuwa na leseni ya binafsi. Hakuruhusiwa kubeba abiria wa kulipa, na hakuwa na idhini ya kuruka usiku. Ndege ikavunjikia angani na kuanguka baharini, mwili wa rubani haukupatikana mpaka leo. Aliyeipanga safari, David Henderson, alifungwa miezi 18 mwaka 2021. Sala alijua nini kuhusu leseni ya yule mzee? Aliona ndege, akapanda.

Kuna jambo moja la ile ajali ambalo fundi hawezi kulipita. Wachunguzi walikuta damu ya Sala imejaa kaboni monoksidi, moshi usio na rangi wala harufu. Katika ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni, hita huchukua hewa inayopita kwenye ganda lililozunguka bomba la ekzosi. Bomba likipasuka ufa, hata mwembamba kama unywele, moshi waingia ndani pamoja na joto. Nimeziona nyufa hizo kwa tochi na kioo kidogo cha mkono, mahali ambapo jicho la kawaida halifiki. Hapa Mombasa ni nani atawasha hita? Lakini usijipe moyo sana, moshi una njia nyingine, raba za milango na matundu ya waya. Kipimo chake ni kidogo, chabandikwa kwenye dashibodi, bei yake si kitu. Nasra akiingia ndege yoyote ndogo atazame kama kipo.

Uzito. Watu wanne kwenye 172 wasikika vizuri kwa sababu viti ni vinne. Ndege hiyo yabeba kama kilo 390, watu na mafuta na mizigo vyote pamoja, ikitofautiana kidogo kwa modeli. Watu wazima wanne wa kilo themanini ni 320. Zimebaki 70, na petroli ya ndege lita moja ni kama kilo 0.72, kwa hivyo mwatia kama lita 95 na hapo mmefika ukingoni. Tangi likijaa mmezidi. Rubani aliyeniuliza uzito wangu mbele ya watu bila aibu, huyo namheshimu. Asiyeuliza, sipandi.

Halafu bahari. Injini ikizimika ukiwa mita 300 juu, 172 yateleza chini ya kilomita tatu hivi, na hapo ni kama hakuna upepo wa kukukaba. Kwa hivyo muulize kijana: wapita upande gani wa mwamba, na je, waangalia jedwali la maji kujaa na kupwa? Maji yakipwa wakati wa bamvua, ufuo wa Diani ni mpana kama uwanja. Yakijaa hakuna ufuo, mchanga wote umezama na uliobaki una ngamia na watoto. Rubani wa pwani asiyejua maji yajaa saa ngapi ni rubani wa bara aliyepotea njia. Majaketi ya kuokolea yawe mwilini, si chini ya kiti.

Mwombe pia akutumie picha ya leseni, cheti cha daktari, bima, na akuambie katika siku 90 zilizopita amepaa na kutua mara ngapi. Tatu ndicho kiwango cha kawaida duniani kabla ya kupakia mtu. Ukitaka uhakika wa leseni, KCAA wako pale pale uwanja wa Moi, nenda ukaulize, hawang'ati.

WakalaBima_Tudor

Niongeze kwenye bima tu, ndiyo kazi yangu. Mwajua gari la binafsi likikamatwa likibeba abiria wa kulipa kutoka Mtwapa? Likigonga, kampuni ya bima yauliza swali moja: hawa walilipa? Wakisema ndiyo, mwenye gari na majeruhi wabaki wakitazamana. Bima iliyoandikwa "matumizi ya binafsi" ni hivyo hivyo ikiwa na mabawa. Na zile meseji za M-Pesa zilizoandikwa "Jumamosi Wasini" ndizo ushahidi wa kwanza watakaouomba.

Mama Nasra, usikubali jibu la "bima iko". Omba ukurasa unaosema abiria wamekatiwa kiasi gani na kwa matumizi gani.

MamaNasra_Kisauni

Ami Fundi, Mungu akuweke. Nimekaa na Nasra nikamsomea yote, akanuna, kisha akanyamaza, kisha akaanza kuuliza kaboni monoksidi ni nini, nikajua amesikia.

Nimemtumia kijana maswali kwa sauti. Hakuchukia, na hilo nampa. Leseni amenitumia picha, ya daktari pia, zote hazijaisha. Saa zake ni sabini na kitu. Kutua asema "nyingi". Jaketi ziko mbili, asema watu wakija wengi huwa anaazima. Uzito hajawahi kuuliza mtu, aangalia kwa macho. Bima akasema iko, ukurasa hajautuma mpaka sasa.

Nikamuuliza lile lako: wewe mwenyewe watoa ngapi? Akanijibu, "Mama, mimi natoa ujuzi."

FundiNdege_PortReitz

Ujuzi ndio anaouza, mama. Amejijibu mwenyewe.

Na jaketi mbili kwa watu wanne, huyo wa tatu na wa nne ni nani? Mie simwoni kuwa mtu mbaya. Saa sabini na kitu ni wakati ule rubani ameshaacha kuogopa na hajaona bado ya kumtisha. Aendelee kuruka, lakini na nduguze.

RubaniChipukizi

Nimesoma yote. Kwenye jaketi na uzito sina la kumtetea, hilo ni uzembe, hata mwalimu wangu angemtoa kwenye ndege kwa kola.

Lakini Mzee, bado nina hoja. Ulaya kuna Wingly, tangu 2015, rubani wa binafsi anatangaza safari yake mtandaoni, mgeni anaomba kiti, wanagawana gharama, na mamlaka zinajua. Marekani Flytenow walijaribu hivyo hivyo, FAA, mamlaka ya anga ya kule, ikakataa na mahakama ya rufaa ikaiunga mkono Desemba 2015. Yaani pande mbili zenye akili zimefikia majibu mawili. Huku kwetu mambo yako kwenye grupu za WhatsApp, hakuna anayeangalia. Si bora kungekuwa na njia ya wazi, tuandikishwe, bima ijulikane, rubani alipe fungu lake?

FundiNdege_PortReitz

Hapo twakubaliana zaidi ya unavyodhani. Ukiniwekea njia ambayo mtu wa tatu anamkagua rubani kabla ya mgeni kupanda, na rubani atoa robo yake, mie nitakuja kukagua ekzosi bure. Kule kwa Wingly rubani apandisha leseni na cheti chake cha daktari, na abiria waandika walivyomwona. Si sawa na kampuni, lakini ni macho. Grupu la kijana wetu lina macho ya nani? Ya mpwa wa wifi wa Mama Nasra.

Lakini mpaka njia hiyo iwepo, sheria ni iliyopo. Usiipeleke leseni yako hatarini, KCAA ikiifuta na saa zako zote umeshatia, babako hana shamba jingine.

RubaniChipukizi

😂 Hilo la shamba limenichoma. Sawa Mzee.

Mama, kama lengo ni Nasra kuonja urubani, usimtafutie matembezi, mtafutie somo. Shule za urubani zinatoa safari ya kwanza ya majaribio na mwalimu. Usukani ni wa pande mbili, mwalimu ana leseni ya biashara na idhini ya kufundisha, na Nasra mwenyewe atashika ndege. Zile dakika zinaandikwa kwenye kitabu chake cha saa za kuruka na zinahesabiwa akianza masomo kweli. Kwa kijana wa WhatsApp angekaa nyuma akapiga picha.

MamaNasra_Kisauni

Hilo sikulijua kabisa! Nimepiga simu shule moja, bei imezidi ile ya kijana, lakini si sana kama nilivyoogopa. Tumepewa siku, inshallah wiki ya kesho kutwa. Kitu cha kwanza walichouliza ni kilo zake. Nasra akaona haya, mie nikacheka mpaka nikaungua na mafuta ya mahamri.

Ndugu yake wa miaka kumi na miwili ataka kukaa nyuma. Shule yaruhusu? Na Nasra ale nini asubuhi, maana huyu hata matatu ya Kilifi humtapisha.

Chande_Likoni

Mama mkwe wangu bado yuko tayari.

FundiNdege_PortReitz

Wapo wanaoruhusu mtu nyuma na wapo wanaokataa kwenye somo la kwanza, waulize, na mpime mvulana pamoja na mkoba wake. Nasra akae mbele kushoto, ndicho kiti cha rubani. Asile mbaazi. Chai kavu na kipande cha mkate, saa moja kabla, asiende tumbo tupu maana hilo nalo hutapisha. Atazame mbali kwenye mstari wa bahari, asitazame simu. Na omba nafasi ya asubuhi mapema, kabla ya saa tatu. Msimu huu wa kusi, adhuhuri hewa juu ya nchi kavu yapanda na kushuka, na mtoto wa kutapika kwenye matatu hatakusamehe.

Wakimaliza, mwalimu akiandika kwenye kitabu, Nasra aangalie kama ametia sahihi na tarehe. Wengine husahau.